Wapelelezi Wadogo

Mtu akiibiwa usiku, asubuhi huita mpelelezi. Mpelelezi hodari hamkamati mtu wa kwanza amwonaye njiani. Kwanza hutazama. Hutazama mlango na dirisha, nyayo zilizo mchangani, na tone la nta lililoanguka sakafuni. Kisha hujiuliza, "Ni nani, au ni kitu gani, kingeweza kufanya haya?" Huyaandika majibu yote yawezekanayo, wala hachagui moja kwa sababu lampendeza. Mwisho huyajaribu moja moja, hata libaki lile ambalo dalili zote zinakubaliana nalo.

Kazi hii si ya askari peke yao. Mambo mengi ya kila siku yana siri ndani yake, ila sisi tumezoea kuyapita bila kuyatazama. Mtungi wa udongo uliojazwa maji jioni, mbona asubuhi umepungua, na hali hapana aliyekunywa? Nguo iliyoanikwa kivulini yakauka pasipo jua; maji yake yamekwenda wapi? Mkate uliosahauliwa kabatini, ni nani aliyeupaka ukungu wa kijani? Siri kama hizi zaweza kufunuliwa na mtoto wa shule, akiwa na macho, mizani, daftari na saburi. Na elimu ya sayansi, ukiichungua sana, ni upelelezi wa namna hii.

Tena kuna sababu kubwa ya kujifunza kazi hii, kubwa kuliko hamu ya kujua tu. Jambo lisipojulikana chanzo chake, watu hutafuta mtu wa kulaumu. Wengi wamepata aibu, na wengine wamepata mabaya kuliko aibu, kwa sababu majirani walishindwa kungoja mpaka jambo lichunguzwe. Basi mpelelezi mdogo aweza kumwokoa mwenzake.

Fikirini mfano huu. Tuseme kuwa katika shule moja ya bweni iliyo karibu na bahari, mwanafunzi mmoja alikabidhiwa ufunguo wa ghala. Mwezi wa Januari, wakati wa kiangazi, lilinunuliwa gunia la chumvi ya bahari la kilo 50. Kila siku kijana yule alimpimia mpishi chumvi ya kutosha, akaandika hesabu yake katika kitabu.

Mwezi wa Aprili masika yakaanza. Siku moja mpishi alinung'unika kuwa chumvi imelowa. Mwalimu alipokwenda ghalani aliona gunia li majimaji upande wa chini, na sakafu ina alama ya maji. Akaamuru gunia lipimwe. Kwa hesabu ya kitabu, kilo 20 zilikuwa zimetumika, na kilo 30 zilipasa kubaki. Lakini mizani ilionyesha kilo 32!

"Chumvi haizai," akasema mmoja wa waliokuwapo. "Kilo mbili hizi zimetoka wapi kama si maji yaliyotiwa? Na mtu hatii maji katika chumvi ila kwa kusudi la kuficha alichoiba."

Maneno haya yalionekana kuwa ya akili. Ilipofika jioni shule nzima ilimwita kijana yule mwizi. Wakati wa kula hapana aliyeketi karibu naye. Alipokana walimjibu, "Lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani." Mwalimu naye alikuwa amekwisha kutwaa karatasi ili amwandikie baba wa kijana barua ya kumfukuza.

Ndipo wanafunzi wawili wa darasa lake walipobisha hodi kwa Mwalimu. Wakasema, "Bwana Mwalimu, twakuomba siku tatu. Ghala lifungwe, na ufunguo ukae kwako. Twataka kumtafuta aliyetia maji." Mwalimu alikuwa mtu wa haki, akawakubalia.

Vijana wale waliketi wakaandika watuhumiwa wao. Wa kwanza alikuwa mwenzao mwenyewe, kwa maana mpelelezi hamfuti mtu kwa sababu ni rafiki yake. Wa pili alikuwa paa: labda linavuja. Wa tatu alikuwa sakafu: labda maji hupanda kutoka ardhini. Wa nne alikuwa hewa yenyewe. Maana mmoja wao alikumbuka kuwa nyumbani kwao chumvi iliyo katika kibakuli hulowa wakati wa mvua, ingawa hapana aigusaye.

Kisha wakaanza kuwajaribu. Walitwaa chumvi wakaikausha katika kikaango juu ya moto, wakaiacha ipoe katika chupa iliyozibwa. Wakapima gramu 200 wakazitia katika sahani iliyo wazi. Wakapima nyingine gramu 200 wakazitia katika chupa, wakaikaza kizibo na kukipaka nta. Halafu wakapima gramu 200 za mchanga mkavu, wakazitia katika sahani nyingine iliyo wazi, sawa kabisa na ile ya kwanza. Vyombo vyote vitatu waliviweka juu ya meza ghalani, karibu na gunia. Mwalimu akafunga mlango akautia ufunguo mfukoni.

Labda utauliza, mchanga ni wa nini? Huo ndio uliokuwa werevu wao. Kama paa linavuja, litanyeshea mchanga sawasawa na chumvi, na sahani zote mbili zitazidi uzito. Lakini kama ni chumvi yenyewe iyavutayo maji, mchanga utabaki vile vile. Na meza iliwekwa ili chombo chochote kisiguse sakafu. Na ufunguo ulikaa kwa Mwalimu ili mtu yeyote asiweze kuingia na kutia maji. Hivyo kila mtuhumiwa alifungiwa mlango wake.

Siku ya tatu walifungua. Mchanga ulikuwa na gramu 200, kama walivyouacha. Chumvi ya chupani ilikuwa na gramu 200. Lakini chumvi ya sahani iliyo wazi ilikuwa imelowa na kushikamana, na mizani ilionyesha gramu 212. Hapana aliyeingia, hapana tone lililoanguka, na sakafu haikuigusa. Gramu zile 12 zilitoka katika hewa.

Ni lazima kueleza jambo hili. Hewa ituzungukayo ina maji ndani yake, ila hatuyaoni, kwa sababu yamegeuka kuwa mvuke. Ukitaka ushahidi, weka maji ya baridi sana katika bilauri. Baada ya kitambo utaona matone nje ya bilauri. Matone yale hayakupenya kioo. Yalitoka katika hewa. Wakati wa masika hewa hubeba mvuke mwingi kuliko wakati wa kiangazi. Chumvi safi kabisa huanza kuyeyuka kwa unyevu wa hewa pale hewa inapobeba kadiri ya robo tatu ya mvuke wote iwezao kuuchukua. Lakini chumvi ya bahari isiyosafishwa sana imechanganyika na chumvi nyingine iitwayo magnesiamu kloridi, nayo ina kiu zaidi: huanza kuyeyuka hewa ikiwa na theluthi moja tu. Ndiyo sababu chumvi ya pwani hulowa upesi, na maji yake hutiririka mpaka chini ya gunia.

Mmoja wa vijana wale aliruka kwa furaha, akataka kukimbia nje kutangaza habari. Mwenzake akamshika mkono, akasema, "Ngoja, ndugu yangu. Tumejua kuwa chumvi yaweza kulowa bila mkono wa mtu. Hatujajua bado kama katika gunia hili hakuna iliyoibwa."

Neno hili lilikuwa la haki, ijapokuwa lilikuwa gumu. Wakatwaa chumvi ya juu ya gunia, na ya katikati, na ya chini, wakaichanganya, wakapima kilo moja, yaani gramu 1,000. Wakaikausha motoni hata uzito wake ukaacha kupungua. Zikabaki gramu 940. Basi katika kila kilo ya gunia lile, gramu 60 zilikuwa maji na gramu 940 chumvi. Wakapiga hesabu: kilo 32 mara gramu 940 ni kilo 30 na kidogo. Hiyo ndiyo hesabu iliyoandikwa katika kitabu cha ghala. Chumvi haikupungua hata kibaba.

Mwalimu aliichana barua yake. Akawakusanya wanafunzi wote, akawaonyesha vyombo vitatu na mizani, kisha akamrudishia kijana ufunguo mbele yao, akamwomba radhi. Usiku ule wengi waligombea kuketi karibu naye. Na chumvi ya shule ikahamishwa kutoka guniani, ikatiwa katika madebe yenye vifuniko vya kukaza.

Mfano huu tumeutunga, lakini nguvu ya chumvi ni kweli, na njia ya vijana wale ni ya kweli pia. Tuitazame njia hiyo vizuri. Kwanza, waliandika watuhumiwa wote, hata rafiki yao. Pili, walipojaribu, walibadili jambo moja tu kila mara: chumvi kwa mchanga, au wazi kwa kufungwa. Mtu abadiliye mambo mawili pamoja hatajua lipi lililoleta tofauti. Tatu, walipima na kuandika, hawakutegemea macho peke yake. Nne, walipopata jibu walilolitaka, hawakukoma. Waliuliza kama jibu lile latosha.

Sasa sikilizeni habari ya pili. Hii haikutungwa, ilianza katika nchi ya Tanganyika, kabla haijaitwa Tanzania.

Mwaka 1963 kijana aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akisoma katika shule ya sekondari ya Magamba, katika milima ya Usambara, karibu na Lushoto. Wanafunzi wa huko walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu. Walinunua maziwa kwa wanawake wa jirani, wakayachemsha, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayaweka katika jokofu ili yagande. Lakini nafasi katika jokofu ilikuwa haba, na walioitaka walikuwa wengi.

Siku moja Mpemba alikuwa akichemsha maziwa yake. Mwenzake alipomwona aliogopa kukosa nafasi, akayachanganya maziwa yake na sukari pasipo kuyachemsha, akayatia jokofuni. Mpemba naye aliona kuwa akingoja maziwa yake yapoe, chombo cha mwisho kitachukuliwa. Basi akayaweka yangali moto, ingawa alijua kuwa huenda joto lile likaharibu jokofu. Baada ya saa moja na nusu walikwenda kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa yangali uji.

Jambo hili lilimshangaza, na ni haki limshangaze kila mtu. Watu wawili wakienda mji mmoja kwa mwendo mmoja, atokaye mbali atafikaje kabla ya aliye karibu? Maziwa ya moto hayana budi kupoa kwanza hata yawe kama yale ya baridi, ndipo yagande. Mpemba akamwuliza mwalimu wake wa fizikia. Mwalimu alimjibu kuwa amechanganyikiwa, kwa sababu jambo hilo haliwezekani.

Kijana alinyamaza, lakini hakusahau. Siku nyingine, wakati wa likizo, rafiki yake aliyekuwa akitengeneza aiskrimu na kuiuza katika mji wa Tanga alimwambia kuwa yeye pia huitia ingali moto, kwa kuwa hivyo huganda upesi. Basi Mpemba akawa amepata shahidi wa pili.

Baadaye alikwenda kusoma katika shule ya Mkwawa, huko Iringa. Waliposomeshwa habari za joto, akauliza tena swali lake. Mwalimu wa huko alimwambia kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya dunia. Tangu siku ile, kila alipokosea darasani, mwalimu na wanafunzi walimdhihaki kwa maneno kama hayo. Ni wanafunzi wangapi wangeacha kuuliza baada ya kuchekwa hivyo? Lakini alasiri moja aliona chumba cha majaribio ya biolojia ki wazi. Akatwaa bilauri mbili zilizo sawa, akatia maji ya bomba katika moja na maji ya moto katika ya pili, akaziweka jokofuni. Baada ya saa moja zote zilikuwa hazijaganda kabisa, lakini ile ya maji ya moto ilikuwa na barafu nyingi zaidi.

Kisha siku moja alikuja mgeni shuleni, Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu kilichokuwa Dar es Salaam. Wanafunzi wakaruhusiwa kumwuliza maswali. Mpemba akasimama, akauliza lile lile. Wenzake walicheka, na wengine walimwambia kuwa amewaaibisha mbele ya mgeni. Lakini Dakta Osborne hakumcheka. Alimwuliza kama yeye mwenyewe amelijaribu. Na aliposikia kuwa amelijaribu, akasema kuwa sababu yake haijui, ila atakaporudi Dar es Salaam atalijaribu.

Tazameni tofauti ya majibu haya. Watu wawili walisema, "Haiwezekani," wala hawakujaribu. Mtu wa tatu, mwenye elimu kuliko wote, alisema, "Sijui, nitajaribu." Kusema "sijui" si aibu kwa mwenye elimu. Aibu ni kukata shauri kabla ya kusikiliza mashahidi.

Osborne alitimiza ahadi yake. Alimwagiza msaidizi wake afanye jaribio, naye akaleta habari kuwa maji ya moto yaliganda kwanza. Tena akasema kuwa wataendelea kujaribu mpaka wapate jibu lililo sahihi! Hata yeye hakuamini macho yake. Walirudia, na jibu likawa lile lile. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika habari hizo pamoja katika gazeti la mafundisho ya fizikia lililopigwa chapa Uingereza. Wakati huo Mpemba alikuwa akisomea utunzaji wa wanyama wa porini katika chuo cha Mweka, karibu na Moshi. Na jambo lile likaitwa kwa jina lake katika dunia yote. Jina lililotumiwa kumdhihaki likawa jina la heshima. Na kumbe mtu mwenye hekima wa Uyunani, Aristotle, aliandika neno kama hilo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, lakini wengi walikuwa wamelisahau.

Je, siri hii imefunuliwa? Bado. Watuhumiwa wako wengi. Labda maji ya moto hupoteza mvuke, hata yakabaki machache ya kugandisha. Labda chombo cha moto huyeyusha utando wa barafu ulio chini yake, kikagusana vizuri na chuma cha baridi. Labda ni jinsi maji yanavyozunguka chomboni yakipoa, au ni hewa iliyotoka majini yalipochemshwa. Tena mwaka 2016 wataalamu wa Uingereza walipima kwa uangalifu mwingi wasilione jambo hili, wakaonyesha kuwa kuinua kipimajoto au kukishusha sentimita moja tu kwaweza kumdanganya mwenye kupima. Wengine hawakubaliani nao. Basi shauri hili halijakatwa, na labda atakayelikata yuko darasani leo.

Msidhani kuwa kwa sababu hiyo Mpemba alishindwa. Yeye hakuomba watu wamwamini. Aliomba jambo lijaribiwe, nalo lajaribiwa mpaka leo. Vivyo hivyo kijana wa ghala hakuhitaji marafiki wa kumtetea kwa kelele. Alihitaji mizani, sahani mbili na chupa, na watu wawili wenye subira. Mmoja aliitwa mwizi, na wa pili aliitwa mjinga, na wote wawili walipata haki yao kwa njia moja: mtu alikubali kujaribu kabla ya kuhukumu.

Na ninyi jaribuni. Rudini kwenye ule mtungi uliopungua maji usiku. Chukueni mtungi wa udongo na chombo cha bati, vyenye ukubwa mmoja. Vitieni maji kwa kipimo kimoja, vifunikeni, viwekeni mahali pamoja. Vipimeni jioni na asubuhi, na muonje maji ya kila kimoja kujua lipi la baridi zaidi. Andikeni mnayoyaona, wala msimtaje mtu aliyekunywa mpaka mmewahoji watuhumiwa wote.

MASWALI

1. Kwa nini vijana waliweka mchanga pamoja na chumvi?
2. Jaribio la kwanza lilithibitisha nini, na halikuthibitisha nini?
3. Kama wangeiweka chupa iliyofungwa nje ya ghala, juani, jaribio lao lingeharibikaje?
4. Taja jambo moja la nyumbani kwenu ambalo watu humlaumu mtu kwa ajili yake. Ungelijaribuje?